Shemeji na folda ya Kumbukumbu

Wee, umekaa? Shemeji yangu, yule mume wa dada anayejiita fundi wa kompyuta, leo katumaliza.

Kompyuta ya mama ilikuwa inajisasisha yenyewe, ikawa nzito balaa. Ikaandika: KUMBUKUMBU IMEJAA.

Mwenye akili angengoja imalize, si ndiyo?

Bwana mkubwa kapekua, kakuta folda imeandikwa "Kumbukumbu". Kaifuta! Picha zote za marehemu baba! Kamwaga hadi pipa la taka la kompyuta, zisirudi tena!

Eti, "Mama, nimeipunguza kumbukumbu, sasa itapaa."

Kumbukumbu! Kichwa maji yule!

Na wala haikupaa. Ilikuwa bado inajisasisha.

Mama hakufoka. Kamuuliza taratibu: "Mwanangu, na mimi nikiwa mzito, utanifuta?"