Ziwa Halimwagiki, Baba Zawadi

Mpendwa Baba Zawadi,

Hilo "mpendwa" nimeliandika kwa mazoea tu, usije ukavimba kichwa. Mdogo wako alipita hapa studio, Kisenyi, akaniletea ujumbe wako: umechoka na Nairobi, unataka kurudi tupige picha pamoja kama zamani. Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Zamani ipi?

Ile ya Bugolobi, tulipokuwa wageni, tukianika picha kwenye kamba moja na nepi za mtoto? Nilikupenda siku zile, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kila picha ya ziwa uliyoianika, maji yalikuwa yamelalia kulia. Nikikuambia, ulikuwa unanihurumia: "Mama Zawadi, ile ni hisia. Wewe hauwezi elewa." Hisia gani inayoinama upande uleule kila siku? Ulikuwa unasimama kwa mguu mmoja, kiuno umekitoa nje, ili wasichana wa ufukweni Port Bell wakuone bingwa. Kamera nayo inainama na bwana wake.

Unaikumbuka kalenda ya yule mfanyabiashara wa soko la Kikuubo? Alitaka ziwa, basi. Nilisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikalaza juu yake kichupa cha dawa chenye maji nusu, tuone kama imekaa sawa. Ukakitupa majanini. "Mimi ni mpiga picha, si mwashi." Halafu ukapima kwa ukingo wa ghuba, ule unaokwenda mbali kwa mshazari, ukaiinamisha kamera mpaka huo ukingo ulale sawa. Nawe umezaliwa Bukavu, kando ya ziwa! Hata mtoto wa kule anajua kwamba ukingo hudanganya, na kwamba mtu hutazama maji ya mbali kabisa, yanapokutana na mbingu.

Kalenda zilitoka zote zimechapwa hivyo. Mzee wa watu aliigeuza moja huku na huku, akainamisha shingo, shingo ikakataa.

"Ssebo, maji yote inaanguka kwa kona. Nani ataweka hii kwa duka yake?"

Ukaninyooshea kidole bila hata kumeza mate. "Mke wangu ndiye alisimamisha kamera."

Nilinyamaza, kwa sababu nililelewa kutomwaibisha mume mbele ya watu. Wewe hukulelewa hivyo kwa mke. Tangu siku ile Kikuubo nzima wakaniita Mama Pinda, na kila nilipokwenda kuomba kazi walikuulizia wewe. Kisha ukaondoka na kamera, ukaniachia jina hilo.

Nimelifuta polepole, kwa arusi za watu, kwa paspoti, kwa vilima na maji yaliyotulia mahali pake. Sasa wanakuja wenyewe. Wanasema, "Mama Zawadi, tupige kama ile ya ukutani."

Zawadi ameuliza kama akupokee ukija. Nimemwambia aende, wewe ni baba yake, na yai halimkatai kuku aliyelitaga, hata akiwa mtoro. Atakupa chai, atakupa kitanda kwake. Studio usikanyage. Si kwamba nina hasira. Hasira ungeistahili ungekuwa mtu mzito. Ila mteja akiuliza ni nani aliyelipiga lile ziwa la ukutani, nataka kujibu "ni mimi" bila kugeuka kwanza kuangalia kama umesimama nyuma yangu.

Safari njema, popote uendako pasipo hapa.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Zawadi