Ukili wa Kupimia Kabureta

Jumamosi, 28 Juni 2025

Twalibu kaja na maneno yake. Skuta ya baba yake itoke barazani, anataka kuongeza chumba. Kasema, "Mama, ile sasa ni chuma." Keshapata na mtu wa chuma chakavu, atapita Ijumaa baada ya sala. Nikamwuliza, wewe ulipokuwa na degedege ulipelekwa hospitali Utete na nini? Na hicho chuma. Mwanangu si mbaya, ila subira hakurithi.

Tumekubaliana. Ikiwaka na kutembea kabla mtu yule hajaondoka nayo, inabaki, Sabra mwanawe aipande kwenda kufundisha chekechea. Isipowaka, iwekwe kwenye mizani na mimi nisiseme neno. Nimeahidi sitasema neno — mimi!

Wote nimewaambia nataka mjukuu wangu apate usafiri. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine naiandika humu tu: tangu afe baba Twalibu, mwaka wa nne huu, sijausikia mlio wa skuta ile.

Jumapili, 29 Juni

Nasibu fundi kaifungua. Plagi inatoa cheche, injini nzima. Ugonjwa ni kabureta. Kutu imeila ndani, sindano yake haizibi, petroli inamwagika tu kama mtoto aliyekula maembe mabichi. Kasema haitengenezeki, itafutwe nyingine, tena ya skuta ndogo, si ya pikipiki za bodaboda. Akataka nimpe hii ya zamani akalinganishe dukani Kibiti.

Nikakataa. Kabureta haitoki nyumba hii. Zamani, kabla daraja halijajengwa mtoni, tulikuwa kwenye foleni ya kivuko pale Ndundu, baba Twalibu akampa fundi mmoja kabureta nzima aisafishe. Ikarudi nyingine, mbovu, sura ileile. Tangu siku hiyo akawa anaisafisha mwenyewe barazani, kila Ijumaa, anapuliza matundu kwa mdomo wake. Halafu anasukutua petroli kwa chai yangu. Chai ya tangawizi! Nilikuwa namgombeza mpaka jirani wanasikia. Leo ningempa birika zima asukutue.

Sabra kapiga picha kwa simu. Nikamwambia picha haina kipimo, kwenye simu yako tembo na kuku wanatoshana. Nilikuwa nimeloweka ukindu kwenye beseni, wa mkeka alioniagiza jirani Zaitun. Nikasuka ukili mfupi palepale, ule mshipi unaoshonwa kuwa mkeka, upana wake kutoka tundu la bolti mpaka tundu la pili. Sawasawa kabisa. Nasibu akasema kuna rula. Rula yake imevunjika, inaanzia namba mbili. Nimesuka tangu sijavunja ungo. Ukili hausemi uongo.

Jumanne, 1 Julai

Nimekwenda Kibiti. Upepo wa kusi mkali, na mimi juu ya bodaboda nimeshika ukili mkononi kama bendera. Duka la Swalehe, anauza spea. Mtu wa adabu, kanipa kiti, kaniita bi mkubwa. Katoa kabureta tatu. Ya kwanza matundu yametawanyika. Ya pili vilevile, ila kidogo. Ya tatu — ukili ukakaa kama kofia kichwani.

Nikaishika, nikapuliza kwenye mrija wa mafuta kama alivyokuwa akifanya yeye. Ukiisimamisha hewa ipite, ukiigeuza juu chini izibe. Ikaziba. Vijana wa bodaboda waliacha soda zao wananitazama. Swalehe akauliza, marehemu alikuwa fundi? Nikamwambia alikuwa karani wa korosho, lakini chake alikijua. Akataka milimita. Nikamwambia milimita akampimie fundi cherehani. Nikaichukua. Njia nzima najisifu moyoni.

Jioni. Haiingii. Bolti na matundu vimepishana kama upana wa punje ya mchele. Nasibu hakucheka, na bora angecheka. Nikauchukua ule ukili nikauweka juu ya kabureta ya zamani. Umepungua. Umekauka njiani ukajikunyata.

Mtoto wa miaka saba analijua hilo. Ndiyo maana hatushoni mkeka mpaka ukili ukauke. Nimewafundisha wasichana wa kijiji kizima, nimewapiga vidole kwa kosa hilohilo. Halafu mimi nikasuka ukindu una maji, nikaubeba juani kwenye kusi.

Sikula.

Jumatano, 2 Julai

Twalibu kapita, kauona ukili chini, kauruka, kaenda zake. Angesema neno ningemgombeza nikapona.

Baadaye kaja Sabra. "Mke mwenza, mume wetu angefanyaje?" Babu yake alimwita "mke wangu" tangu ana siku arobaini, mimi nikawa bi mkubwa, yeye bi mdogo. Mpaka leo hajaacha. Nikamwambia mume wetu angenicheka kwanza. Kisha angeibeba kabureta yake mwenyewe mpaka dukani.

Akasema basi ibebe. Nikasema haitoki nyumba hii.

"Bibi, isipotoka kesho peke yake, keshokutwa itatoka na skuta yake."

Nimemwambia ana mdomo mrefu. Nimeutafuta uongo katika maneno yake mchana kutwa. Sijauona.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeifunga kwenye pindo la kanga, nimekwenda. Ile isiyoingia Swalehe kaipokea bila kelele. Nikamweleza habari ya ukili, maana ukificha kosa linazaa. Akaguna tu. Kumbe mama yake naye msukaji, wa kijiji cha Mahege.

Katazama ya kwangu, kapanda kigoda, kashusha boksi la vumbi. Tukaweka uso kwa uso. Tundu kwa tundu, mdomo kwa mdomo, mrija upande uleule. Nikapuliza. Nikaigeuza — hewa bado inapita! Nikamwambia hii yako inavuja kabla haijaonja mafuta. Akaifungua. Sindano imeganda kwa grisi ya kukaa dukani. Akaiosha kwa petroli, nikapuliza tena mara tatu. Imeziba mara tatu.

Muda wote ya zamani sikuiachia mkono. Swalehe kacheka, "Bi mkubwa, unaishika kama mtoto mchanga." Nikamwambia mtoto mchanga hulia. Hii imenyamaza.

Kanga yangu imeshika harufu ya petroli. Harufu ya mtu anayerudi kutoka ghala la ushirika, mashati yake, shuka zake. Sitaifua wiki hii. Atakayesema nanuka aseme.

Ijumaa, 4 Julai

Imeingia. Bolti zote mbili kama zimezaliwa pale. Nasibu kafungua koki ya petroli, katandika gazeti chini, tukangoja. Hata tone hakuna.

Kiki ya kumi na moja ikakohoa, ikawaka. Sabra kapiga kigelegele. Mimi sikupiga. Inapiga kelele kama mashine ya kusaga, haraka, haina pumzi. Nasibu kasema imewaka Bibi, unataka nini tena? Nikamwambia siyo. Chukua bisibisi. Punguza. Bado. Punguza. Umepita, rudisha robo. Hapo. Hapohapo, toa mkono.

"Bibi, mimi sisikii tofauti," kasema Nasibu.

"Wewe hukuwahi kuingoja."

Nikageuka, Twalibu yuko nyuma yangu na kanzu yake ya msikitini, na mtu wa chuma kabeba mizani. Twalibu kainamisha kichwa upande mmoja. Ndivyo alivyokuwa akikaa utotoni, jioni, kabla hajakimbia kumpokea baba yake. Sikumtazama sana, asione haya.

Mtu wa chuma kasema kunguruma si kutembea. Na kweli ndiyo makubaliano. Twalibu akamwambia Sabra, nenda mpaka mikoroshoni urudi.

Kaenda. Naandika nimekaa kizingitini, mkono hautulii bila kazi.

Zamani mlio ulipoanza kusikika mikoroshoni ndipo nilipobandika maji ya chai. Akitia mguu uani, yanachemka. Sikuwahi kukosea hata siku moja, na saa sikuwa nayo.

Ilifika mikoroshoni, niliisikia. Halafu mlio ukakatika. Au ni upepo. Nasibu anasema labda kazima ili aigeuze, pale mchanga mwingi. Mtu wa chuma kaweka mizani chini, anaifuta. Twalibu kasimama katikati ya njia.

Mimi maji nimeshabandika. Tangawizi nimeshaiponda. Sufuria limeanza kuvuma, na kule mikoroshoni bado kimya —