Kwa Baba Marcellin Kabemba, Aliyemeza Harage la Wamaza

Mwaka umetimia, Baba, tangu tanuru lako la mikate lilipopoa hapa Kasongo. Ulituaga asubuhi ya tarehe 9 Februari 1956, mikate ya kwanza ikiwa bado motoni, na kwa kuwa hakuna aliyeikumbuka, yote ikaungua. Majirani walisema ndiyo mara ya kwanza kuona mkate mweusi ukitoka kwako.

Mimi binti yako mkubwa, Émérance, nimeachiwa kalamu na wadogo zangu kwa sababu, wanasema, mwalimu haoni taabu kuandika. Naiona, Baba. Nina mengi ya kukushukuru, na nina moja la kukuomba radhi.

Watu walikutania sana kwa kazi zako. Ujana wako ulikuwa wa kasia pale Nyangwe, ukivusha watu na mizigo yao mto Lualaba, na mpaka uzeeni ukitembea nasi njiani uligeuka kila mara kuangalia kama abiria wako wote wapo. Ukaja Kasongo ukafyatua matofali ya misheni, ukamwoa Mama Cécilia. Kisha ukavaa kofia ya moniteri wa pamba upande wa Kabambare, kazi ya kuzunguka vijijini ukigawa mbegu na kukagua kama kila nyumba imepanda pamba ya serikali. Kisha masini ya kushona. Kisha mikate. Baba mdogo Raphaël alikuwa akikwambia, "Kaka, wewe ni kuku wa kutaga, kila juma kiota kipya." Nawe ulimjibu, "Na mayai nani anakula?" Alikuwa akila kwetu karibu kila siku, kwa hiyo alivuta tu sahani yake karibu.

Mama aliyavumilia mabadiliko yote hayo isipokuwa moja. Kofia ya moniteri ilikuwa imetupatia nyumba ya matofali pale kijijini Wamaza, na mshahara, na chumvi na sabuni zisizokatika. Mwaka 1944 ukaipoteza kwa siku moja. Ulitueleza kwa maneno machache tu: mbegu zililowa ghalani, hukuzifunika, hazikuota. Agronomu, Mzungu mkuu wa kilimo, alikuvua kofia mbele ya kijiji kizima. Tukarudi Kasongo kwa miguu, siku tatu, mdogo wangu Octave akiwa mgongoni mwa Mama, na siku zote tatu Mama hakukusemesha.

Tangu hapo, wingu likitanda tu, Mama alikuwa na msemo wake: "Watoto, funikeni vitu, baba yenu asije akavilowesha." Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa na miaka kumi na sita na niliionea uchungu ile nyumba ya Wamaza. Wewe ulinyanyuka, ukaingiza kuni, ukafunika unga, ukarudi kuketi. Hivyo hivyo kwa miaka kumi na miwili.

Ulikuwa umetimiza miaka arobaini na minne ulipokwenda kujifunza kushona kwa fundi Bulaimu. Alikuanzisha na vifungo, miezi mitatu vifungo tu, akisema mkono uliozoea tofali hauijui sindano. Hukununa. Jioni nilikuuliza kama huoni haya kukaa chini na mvi zako. Ukaniambia, "Mutu akianza kazi mupya, anakubali kuwa mutoto tena." Neno hilo, Baba, ndilo nililoingia nalo darasani siku ya kwanza ya kufundisha. Asante kwa neno hilo. Asante kwa gauni la bluu la siku ile, ambalo mifuko yake uliishona mikubwa ili chaki isianguke. Na macho yalipokataa tundu la sindano hukulalamika. Ulifyatua matofali yako ya mwisho, ukajenga tanuru nyuma ya nyumba, ukaanza tena kuungua vidole kama mwanafunzi.

Kulikuwa na jambo moja tusiloweza kulielewa. Wanawake wa Wamaza walikuja kushonewa kwako. Siku tatu kwa miguu, wakiwapita mafundi wote wa njiani, kitambaa kichwani na kikapu cha maharage juu yake. Mama hakulipenda hilo hata kidogo. "Kofia ilipotea," alisema, "lakini maneno matamu yalibaki." Uliinama juu ya masini ukaendelea kushona.

Siku ya saba ya matanga walikuja kumi na mmoja wa wanawake hao. Mbele yao alikuwa Mama Odile, tuliyemjua kama jirani yetu wa zamani. Aliweka kikapu chake chini, akaomba kusema, na hakumtazama mtu mwingine ila Mama.

"Mwaka ule," alisema, "pamba ilituchukulia udongo wote muzuri na siku zote za kulima mpunga. Watoto walilala na njaa. Sisi wanawake tukapatana, kila mumoja achemshe mbegu za Muzungu mbele ya kupanda. Mbegu iliyoiva haioti. Tungesema udongo umekataa. Sasa kwangu chungu kilikuwa kimoja tu, na maharage ya jana yalikuwa bado chini. Sikukiosha vizuri."

Akaeleza jinsi ulivyokuja kesho yake kukagua mashimo yake. Ulichomeka kidole ardhini kupima kina, ukatoa mbegu tatu za pamba, na pamoja nazo harage moja, laini, lililoiva.

"Akaniuliza, 'Mama Odile, tangu lini pamba inapandwa na harage la kupikwa?' Nilijua ni fimbo na gereza, mimi na wenzangu wote, na nilikuwa na mimba ya Pascaline. Akalipangusa lile harage kwa shati lake, akalitia mudomoni, akalitafuna, akameza. Akasema, 'Chumvi iko kidogo.' Akaenda kwa shamba lingine."

Watu walicheka matangani, Baba, kisha kicheko kikakatika, maana Mama Odile alikuwa hajamaliza. Wiki mbili baadaye agronomu alikuja akakuta mashamba matupu. Hakuwa mjinga. Aliona mbegu zimeharibiwa na akataka jina la mtu wa kuadhibiwa. Ukampa lako. Ulisema zilinyeshewa ghalani mwako, kwa uzembe wako, kabla hujazigawa. Kisha ukawaapisha wanawake wale wasiseme kitu, hata kwa waume zao.

Raphaël akauliza kwa sauti, kwa nini hukumwambia hata mkeo? Mama ndiye aliyemjibu. "Ningesema," alisema. "Siku moja kisimani wangenicheka, nami ningetaka kujitetea, ningesema. Alinijua." Kisha akalia kwa namna ambayo hakuwa amelia hata tulipokuzika.

Kabla ya kuandika haya nilimwomba Mama Odile ruhusa, nikihofia yasije yakamletea matata. Akaniambia, "Andika, na jina langu uliweke. Yule agronomu alisharudi kwao, na mugongo wangu umezeeka, watapiga wapi?" Pascaline ameletwa Kasongo kusoma, yuko darasani kwangu sasa, benchi la pili. Hajui kunyamaza, hakumrithi mama yake. Kila ninapomkemea nakukumbuka, na inabidi nigeukie ubao.

Basi tunakuomba radhi, Baba, kwa kila wingu tulilokuchekea. Na tunakushukuru kwa kasia, kwa tofali, kwa sindano, kwa mkate. Zaidi ya yote tunakushukuru kwa kofia uliyokubali kuvuliwa.

Wanaokukumbuka ni mke wako Cécilia. Watoto wako Émérance, Emile na Octave. Mdogo wako Raphaël, ambaye siku hizi anakula kwake na hapendi. Fundi Bulaimu, anayesema vifungo vyako havijawahi kurudi. Na Mama Odile na wenzake wa Wamaza, ambao wametaka waandikwe pamoja na ndugu, nasi tumewaandika.

Jana alasiri wingu la mvua lilitanda. Mimi na Octave tulikuwa barazani, tukasubiri ule msemo. Mama alinyanyuka mwenyewe. Akaingiza kuni, akafunika unga, akaja akaketi kwenye kiti chako, akaitazama mvua mpaka ikashika sawasawa. Kisha akasema, "Watoto, baba yenu hakulowesha kitu."

Ndivyo tutakavyokukumbuka, Baba, daima.