Mbuzi Mwenye Gitaa

Jumanne, 4 Novemba 1997
Tramu hadi Uccle, kusafisha nyumba za watu, kurudi. Mvua tena. Jioni kikundi cha maombi hapa kwetu Schaerbeek, Brussels. Maman Régine, kiongozi wetu, hakufumba macho hata kidogo. Alikazia macho picha ya bwana yangu Déo ukutani: mbuzi amevaa koti, anapiga gitaa. Akasema ndiyo inayofunga tumbo langu. Miaka sita ya ndoa, bila mutoto. Wote wakaitikia amina. Mimi pia.

Jumatano, 5 Novemba
Nimeikata. Makasi ya jikoni, vipande vidogo vidogo, huku nakemea kwa jina la Yesu. Déo alikuwa kazini. Nikajisikia mwepesi. Bon, kwa muda mfupi.

Si bango la kununua dukani. Ni mchoro wa jalada la santuri ya roki aliyoipenda Déo ujana wake wote, santuri yenyewe ikabaki Bukavu tulipokimbia. Picha hizo zilichapwa chache tu, mchoraji mwenyewe akaweka namba na sahihi kwa penseli. Déo aliitafuta kwa miaka. Nilijua yote hayo. Mungu wangu, nilijua.

Ijumaa, 7 Novemba
Déo anasema Fidèle ameiuza. Mdogo wake, tunaishi naye, hana kazi. Mwaka jana aliuza redio ya kaka yake, donc nani atamwamini? Fidèle akasema si yeye, basi. Nilikuwa naosha sahani. Niliendelea kuosha. Muoga mkubwa!

Jumamosi, 8 Novemba
Amefukuzwa. Amekwenda kulala chini kwa rafiki, Ixelles. Nilimpigia pasi mashati kabla hajaondoka. Mashati! Maman Régine anasema ninyamaze, ni shetani ananisumbua. Hapana. Shetani hakushika makasi.

Alhamisi, 13 Novemba
Sili, silali. Nimemwambia Déo. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliuliza tu kama nilikata hata pale penye sahihi. Nikasema ndiyo. Akavaa koti, akaenda kumtafuta mdogo wake.

Jumapili, 16 Novemba
Fidèle amekuja kula. Nilitaka kumpigia magoti mlangoni, akanishika mkono. Kumbe alijua. Jumatano ile alirudi mapema, akanisikia jikoni na makasi yangu na maombi yangu.

“Nilinyamaza, shemeji. Nilisema labda kweli mutoto atakuja.”

Tukakaa mezani watatu. Déo bado hanitazami. Fidèle aliomba sombe ya majani ya muhogo tena, nikamwongezea.