Chungu cha Shangazi

Jumamosi, Tangini

Bado naicheka hasira yangu ya mwezi uliopita. Nilitundika chupa nne kwa shangazi, kule Masaki, nikazipaka kwa ndani gundi ya nyuki, ile nta ya kunata wanayozibia mzinga, ili wale nyuki wadogo wasiouma waifuate harufu na kuhamia humo. Shangazi akazikwangua zote, akaziosha kwa sabuni, akazitundika tena. "Zilikuwa zinanuka, mwanangu." Shangazi ni shangazi.

Leo nimefika, nimemwamkia, nikaenda moja kwa moja kwenye chupa. Ndani kuna buibui tu.

"Unahangaika nini huko? Wako huku."

Nyuma ya jiko ana chungu kilichopasuka. Kumbe ile gundi aliikwangulia humo, akakifunika na kukisahau. Kwenye ufa nyuki walikuwa wanaingia na kutoka, weusi, wadogo kama sisimizi, na mlangoni wameshajenga kamrija ka nta. Nimechuchumaa pale mpaka magoti yakauma.

Nikamwambia giza likiingia nitaziba ufa, nije nacho nyumbani.

"Hukipeleki popote. Wamekuja kwangu wenyewe."

Nimekiacha. Ninachoogopa ni siku atakayoamua kukiosha na hicho chungu. Nimemwapisha, amecheka.

Wakati wa kuondoka akanipa chupa zangu kwenye mfuko, ameshaziosha tena, zinang'aa. Nataka nizitundike hapa uani. Gundi imeniishia, na ninayemjua mwenye nyuki ni mmoja tu. Itabidi nikamwombe shangazi.