Mashimo Bila Mbegu

Mama Watoto,

Ng'ombe nimeshamkamua. Funika maziwa, paka wako ana mkono mrefu.

Asubuhi ulinicheka uliponikuta nafukia mashimo huku mfuko wa mbegu uko mlangoni, haujafunguliwa. Nami nikacheka. Lakini mistari mizima nilikuwa nimefukia hewa, mke wangu. Tangu mvua itutupe mkono sipati usingizi, na akili haiko shambani.

Sikungoja urudi kutoka kisimani, ningeghairi. Jirani akiniulizia, mwambie ~~nimefuata mbolea~~ nimekwenda zahanati kuongea na mshauri. Mwambie hivyohivyo, usipunguze neno. Huenda naye anakesha kama mimi.

Mfuko wa mbegu usiuguse. Nikirudi naufungua mwenyewe.

Baba Watoto