Mbayuwayu Chini ya Manjanja

Siku ya pili ya juma, 3/2
Kupima ndege tena. Ngazi, kamizani, kamufuko ka kitambaa. Nimerudi kwetu Kalembe juu ya mémoire yangu ya biolojia, ile kazi ya kumaliza masomo: namna gani joto inasumbua ndege. Viota vya mbayuwayu viko palepale, chini ya manjanja, mabati ya chapelle, kanisa yetu ndogo. Tundege twote tumekonda. Mvua hakuna. Jua ya hivi sijaiona. Ukigusa manjanja muchana, unaacha ngozi.
Mémoire ikikosa, mwaka wangu umekufa.

Siku ya ine, 5/2
Nilikaa kuangalia kiota cha pa mulango. Mama-ndege anasimama pa ukingo, kinywa wazi, mabawa mbali na mwili, anahema. Haendi kutafuta wadudu. Anafunika watoto na kivuli chake, nao wanalia njaa. Akibaki, njaa. Akienda, joto.

Posho, siku ya sita, 7/2
Katoto kamoja kalijitupa. Kalikimbia joto, kakaangukia pa sakafu ya sima. Mama Zawadi, mwenye anafagiaka chapelle, alikaokota. Akaniangalia.
"Furaha, maharagi inakauka mpaka Nyabiondo. Watoto ya watu watalala njaa. Weye unalilia ndege?"
Alisema kweli. Lakini nililia tu, mbele yake. Haya tupu.

Siku ya Mungu, 8/2
Ibada. Tunaimba, na juu yetu vilio. Wakati wa mahubiri vilio vikaisha. Ile kimya njo iliniogopesha. Kisha ibada nilipanda: viota viwili, watoto wote wamekufa.

Siku ya kwanza, 9/2
Nimeelewa kitu, na nachukia kukiandika. Nikikamata mama-ndege ili nimupime, roho yake inapiga mu vidole vyangu kama inataka kupasuka. Nikimuachilia, anakaa mbali. Harudi kwa watoto mpaka jua inainama. Joto inaanza kazi, mimi namalizia.
Nilimuandikia direkta wa mémoire, mwalimu mwenye ananiongoza. Jibu: "Usiache. Bila vipimo hakuna mémoire."
Nilitaka kutupa simu mu muto.

Siku ya pili, 10/2
Sikupima. Nilikata majani ya migomba, Papa akapanda kufunika manjanja. Wazee wa chapelle walikuja na hasira: nyumba ya Mungu inafunikwa kama jiko! Papa yangu anaogopaka maneno na watu. Leo alibaki juu ya ngazi.
"Mutoto wangu anaomba kivuli," alisema. "Mvua ikikuja, nitaondoa majani mimi mwenyewe."
Alishuka mikono imechomeka. Nilimupaka mafuta.

Siku ya tatu, 11/2
Upepo umebeba majani yote. Yote. Kiota kingine kimekufa. Inabaki kile cha pa mulango tu. Nimechoka. Nimechukia jua, nimechukia masomo, nimejichukia. Nilikaa pa ngazi.
Mama Zawadi akakuja amebeba bashi yake, ile turubai anaanikiaka muhogo.
"Ondoka hapo, nipite."
"Na muhogo yako, Mama?"
"Itangoja. Shika kamba."
Tulifunga bashi pembe zote, mawe juu. Muchana mama-ndege alienda, akarudi na mududu. Akaenda tena. Nilihesabia pumzi yangu mpaka alirudi.

Siku ya Mungu, 15/2
Mvua bado. Asubui watoto wa pa mulango waliruka. Wawili. Wa tatu alikufa juzi.
Nilimuandikia direkta kwamba vipimo vya mwisho sina, na sababu. Hajajibu. Labda nitaanza mwaka upya.
Kisha ibada nilimufuata Mama Zawadi kwa shamba, kungoa maharagi yenye ilipona. Kidogo sana. Tuliposogeza majani makavu, wadudu waliruka, na mbayuwayu wakashuka karibu yetu kuwala. Mama Zawadi aliinama, akaendelea kungoa. Mimi pia.